Pingili ya kenge wa kale wa Rusinga: naitofautishaje na ya mamba au chatu?

tabaka_la_tatu

Habari wakuu. Nina maswali kuhusu Varanus rusingensis, kenge wa kale aliyepewa jina na Lynne Clos mwaka 1995 kutokana na visukuku vya kisiwa cha Rusinga, Kaunti ya Homa Bay. Mawe alimotoka yana umri wa miaka milioni 18 hivi.

Kwanza, pingili za uti wa mgongo. Kila maelezo yanasema pingili ya kenge ina kikombe mbele na nundu nyuma. Sawa, lakini ya mamba ni hivyo hivyo, na ya chatu pia. Mtu akiwa na pingili moja tu ya sentimita mbili, hana fuvu wala taya, aanzie wapi?

Pili, inasemekana meno yake ya nyuma yalikuwa butu, kwa hiyo alikula konokono na kuishi nusu majini. Hiyo "kwa hiyo" ina uzito gani?

Tatu, urefu wa mnyama mzima unakadiriwaje kwa mifupa michache?

Nne, mfupa ukiwa umegandana na jiwe, siki inafaa kuutoa? Video za mtandaoni zinapingana.

Naomba hatua na vipimo. "Muulize mtaalamu" nimeshalisikia.

---

pingili_29

Nitajibu la kwanza tu, maana lenyewe ni refu.

Kabla ya mamba na chatu kuna mshukiwa mwingine ambaye watu humsahau: kenge wa leo. Varanus niloticus yupo tele kando ya Ziwa Victoria, anakufa, mifupa yake inasombwa na mvua hadi kwenye makorongo yale yale ambako visukuku vinamomonyoka. Kwa hiyo swali la kwanza si "mnyama gani" bali "mfupa huu ni wa lini". Chungulia tundu la ugwe mgongo, lile linalopita katikati ya pingili. Kama limejaa jiwe gumu la rangi ileile ya tabaka la pale, hapo kuna jambo. Kama lina udongo mkavu unaotoka kwa kijiti, usishangilie. Pima na uzito mkononi: kisukuku cha Rusinga vinyweleo vyake vimejazwa madini ya kalisi, kwa hiyo ni kizito kuliko mfupa mkavu wa ukubwa uleule. Rangi peke yake haitoshi, kwani mfupa wa leo ukikaa kwenye udongo wa volkano hubadilika kuwa kahawia upesi.

Ukishapita hapo, ondoa wasiohusika. Samaki ana kikombe pande zote mbili, na ndani ya kikombe utaona miduara. Mnyama anyonyeshaye ana ncha bapa. Wanaobaki na kikombe mbele na nundu nyuma ni wale wako: mjusi, nyoka na mamba. (Chura naye anaweza kuingia hapa, lakini wa sentimita mbili kwa pingili moja atakuwa chura wa ajabu.)

Nyoka ndiye rahisi kuliko wote. Tazama pingili kwa mbele, juu ya tundu la ugwe. Nyoka ana kabari nene ya mfupa pale juu, na nyuma ya pingili kuna vishimo viwili vya kupokea kabari ya pingili inayofuata. Ni kiungo cha ziada kinachozuia uti usijisokote. Kwa chatu kabari hiyo ni kubwa kiasi kwamba hata pingili iliyosagika nusu bado inaionyesha. Kenge hana kabari ya namna hiyo. Akiwa nayo ni dalili hafifu tu. Halafu nundu ya nyoka ni ya duara, inatazama nyuma moja kwa moja.

Mamba: tafuta mahali ubavu ulipojishikiza. Ubavu wa mamba una vichwa viwili, kwa hiyo shingoni kila upande wa pingili una sehemu mbili za kuupokea, na kifuani kuna bawa refu bapa linalotoka pembeni. Kenge ana sehemu moja tu kila upande, ya umbo la yai, karibu na ukingo wa mbele. Tazama pia mpaka kati ya tao la juu na mwili wa pingili. Kwa mamba mdogo mpaka huo haujaunga, kwa hiyo tao hubanduka na kuacha mwili wa pingili peke yake wenye uso uliokwaruzika juu. Ukiokota "mwili" usio na tao, wenye uso wa namna hiyo, shuku mamba kwanza.

Sasa kipimo chenyewe cha kenge. Ishike pingili, tumbo lake likuelekee. Kwa kenge, kikombe cha mbele kimeinamia chini, kwa hiyo unakiona wazi. Nundu ya nyuma imeinuka kuelekea mgongoni, kwa hiyo kutokea tumboni uso wake wa kuungana huuoni, au unaona ukingo mwembamba tu. Kwa mamba na nyoka hutaona mwinamo huo. Dalili ya pili: kabla tu ya nundu, mwili wa pingili unabanwa kama shingo, kisha nundu inatanuka kuliko pale palipobanwa. Dalili ya tatu: mwili wa pingili kwa chini ni bapa, mpana mbele na mwembamba nyuma, karibu pembetatu. Zikiwepo zote tatu, una kenge au jamaa zake wa karibu sana.

Hapo ndipo pingili moja inapokuachia. Inakupa jenasi, mara chache sana inakupa spishi. Anayeandika "V. rusingensis" kwenye lebo kwa sababu tu pingili ni ya kenge na imetoka Rusinga, anaandika anuani, haandiki utambulisho. Andika "Varanus sp.", yaani kenge wa spishi isiyojulikana, na uache hapo.

---

chekecheke

Pingili_29 kamaliza la mifupa, mimi niongeze kwa nini kenge wa kale wanaonekana wachache kuliko walivyokuwa. Anayeokota kwa macho huku akitembea huona pingili ya sentimita mbili. Taya la mjusi la milimita nane halioni. Kisiwa hichohicho kimetoa guruguru wa kale, aliyeelezwa mwaka 1962, na fuvu zima la kinyonga, la umri wa miaka milioni 18 vilevile. Hilo fuvu liliripotiwa 1992, na mwaka 2020 likachunguzwa upya kwa picha za eksirei za tabaka kwa tabaka na kupewa jina Calumma benovskyi. Vinyonga wa jenasi Calumma leo wako Madagaska tu. Kwa hiyo mijusi ipo, tatizo ni ungo.

Utaratibu wa kuchekecha, kwa mwenye kibali: chukua kilo 10 za udongo kutoka tabaka moja tu, usichanganye. Uanike juani mpaka ukauke kabisa hadi ndani ya mabonge. Watu huruka hatua hii, halafu wanalalamika kuwa udongo hauyeyuki. Bonge kavu likitumbukizwa majini hunyonya maji kwa nguvu na kupasuka lenyewe, ilhali bonge lenye unyevu hubaki bonge. Loweka usiku mzima. Panga machekecheke matatu, la milimita 5 juu, la 2 katikati, la 0.5 chini, uyazamishe ndani ya maji na kuyainua taratibu. Usiuelekezee mpira wa maji, na usisugue kwa kiganja. Meno ya mjusi hukatika pale yanaposhikana na taya, ukabaki na meno matupu yasiyo na kazi.

Mfinyanzi ukigoma, ukaushe tena, uloweke kwenye mafuta ya taa saa moja, mwaga mafuta yote, kisha tia maji. Mara nyingi hulainika kuwa tope. Ufanyie nje, mbali na moto, na ujue kuwa udongo uliopita kwenye mafuta haufai tena kwa vipimo vya kemia, kwa hiyo weka kando gramu 500 ambazo hazijaguswa.

Yaliyobaki kwenye chekecheke la 0.5 yaanikwe kivulini, kisha yachaguliwe chini ya darubini ya kukuza mara 10, kijiko kimoja kimoja, kwa brashi namba 0 iliyolowa kidogo. Taya la kinyonga litakuonyesha meno yaliyoota juu ya ukingo wa mfupa kana kwamba ni mfupa uleule. La kenge litakuonyesha meno yaliyoegemea ukuta wa ndani wa taya, na chini ya kila jino kuna mikunjo midogo ya wima. Mikunjo hiyo ndiyo sahihi ya kenge. Jino likiwa limekatika juu na shina limebaki, bado unaweza kusema ni nani.

---

kokoto_na_konokono

Kuhusu meno butu. Clos alimlinganisha na kenge wa maji wa leo, na ulinganisho huo una msingi, kwa sababu V. niloticus mzima naye ana meno ya nyuma manene yenye vichwa vya mviringo. Lakini tazama mambo mawili.

La kwanza, umri. Kenge wa maji mchanga ana meno membamba yenye ncha, na unene unakuja jinsi anavyokua. Kwa hiyo jino kali kutoka Rusinga halithibitishi spishi ya pili, na jino butu halithibitishi kuwa spishi nzima ilitafuna magamba. Lazima ujue ukubwa wa taya jino lilipotoka.

La pili ni hilo la majini, na hapa mimi sikubaliani na jinsi hoja inavyorudiwarudiwa. Meno butu yanasema mnyama aliweza kuponda kitu kigumu. Hayasemi kitu hicho kilikuwa wapi. Visukuku vya konokono vya Rusinga vimechunguzwa kwa kina (Bernard Verdcourt alivieleza mwaka 1963) na konokono wa nchi kavu ni wengi sana humo. Kenge angeweza kushiba konokono mwaka mzima bila kulowesha mkia. Kenge wa maji wa leo, mwenye meno hayohayo, anakula kaa, mayai ya mamba na ndege, samaki, vyura na mizoga. Chakula ni kile alichokikuta.

Tena watu huwaza "Rusinga" wakaona ziwa. Ziwa Victoria halikuwepo. Ni ziwa changa, umri wake hauzidi miaka laki chache. Wakati wa kenge huyu, pale palikuwa ubavuni mwa volkano ya Kisingiri. Mito ilipita, majivu yalishuka mara kwa mara, na katika sehemu iitwayo R3 ya Hiwegi (moja ya fungu la tabaka za mawe za Rusinga) vimepatikana visiki vya miti iliyosimama kwenye udongo wake wa kale, msitu mnene wa kitropiki, pamoja na mabaki ya sokwe wa kale Ekembo, ambaye zamani akiitwa Proconsul. Tabaka za ziwa zipo, ndiyo, katika fungu jingine liitwalo Kulu, lakini hizo ziko juu ya Hiwegi. Kwa hiyo kabla ya kumtia mtu majini, uliza pingili au jino limetoka tabaka gani. Mchanga wa mkondo wa mto na udongo wa msituni havitoi hadithi moja, hata kama vimeachana mita chache.

Majivu hayo ya Kisingiri ndiyo yaliyohifadhi kila kitu. Yalikuwa na kaboneti nyingi, yakaganda haraka kama saruji. Ndiyo maana mpaka wadudu wamehifadhika pale.

---

pingili_29

Nakubali kuhusu mito, ingawa ningeongeza kwamba umbo la mkia lingesaidia zaidi kuliko meno. Pingili za mkia za kenge anayeogelea sana huwa na miiba mirefu juu na chini, mkia ukawa bapa wima. Ila miiba hiyo ndiyo inayovunjika ya kwanza.

Urefu: hesabu ni nyepesi, ubaya uko kwenye dhana. Unapima urefu wa mwili wa pingili, unalinganisha na mifupa ya kenge wa leo waliopimwa wazima, unapata urefu kutoka pua hadi tundu la kinyesi. Kenge ana pingili 29 hivi kabla ya nyonga, 9 kati ya hizo za shingo, na hazilingani urefu. Ukichukua pingili ya katikati ya mgongo ukaifananisha na ya shingo, umeshakosea kabla ya kufika kwenye mkia.

Mkia sasa. Kwa kenge wa maji, mkia ni kama mara moja na nusu ya mwili na kichwa. Kwa kenge wa Komodo, mkia na mwili ni karibu sawa. Chukua mwili wa sentimita 80: kwa mkia wa kwanza mnyama ana mita 2, kwa mkia wa pili ana mita 1.6. Mfupa uleule, tofauti ya sentimita 40. Ugomvi huu ndio uliomkumba kenge mkubwa wa Australia, Varanus priscus, aliyepewa jina na Richard Owen mwaka 1859. Max Hecht mwaka 1975 alifika mita 7. Stephen Wroe mwaka 2002 akamshusha hadi chini ya mita 5. Mifupa haikubadilika. Ukiona urefu umeandikwa bila kutajwa mkia umekisiwa kwa spishi gani, upite.

---

maabara_ya_uani

La siki. Video zinapingana kwa sababu zote zina nusu ya ukweli.

Mfupa ni fosfeti ya kalisi, na gundi ya jiwe la Hiwegi ni kaboneti ya kalisi. Asidi ya asetiki inakula kaboneti haraka na fosfeti polepole, basi kwa nadharia jiwe linaondoka, mfupa unabaki. Maabara hutumia asidi hiyo kwa asilimia 5 hadi 10, na siki ya dukani ni kama asilimia 5. Hapo ndipo mtu anaposema "si ni kitu kilekile?" Siyo. Maabara hutia kwanza fosfeti ya kalisi kwenye asidi, kama gramu 1 kwa lita, ili asidi iwe imeshiba fosfeti na isiutamani mfupa. Siki haina hiyo, kwa hiyo uso wa mfupa unaanza kuwa chaki, na zile dalili za kwenye nundu alizozitaja pingili_29 zinafutika.

Mzunguko ni huu. Mfupa unalowekwa asidini si zaidi ya saa 24. Unatolewa, unawekwa kwenye maji safi yanayobadilishwa asubuhi na jioni, kwa muda mara mbili au tatu ya ule wa asidi: siku moja ya asidi, siku mbili au tatu za maji. Usipoosha vya kutosha, chumvi ya asetati ya kalisi inabaki ndani ya vinyweleo, na mfupa ukikauka chumvi hiyo inakuwa fuwele, fuwele zinatanuka, na mfupa unapasuka kutokea ndani. Kinachochekesha ni kwamba unapasuka wiki moja baadaye, kabatini, kwa hiyo mtu hulaumu kabati. Ukishakauka, sehemu iliyofichuka inapakwa Paraloid B-72, gundi ya punje inayoyeyushwa kwa asetoni, ndipo unarudi asidini.

Paraloid ya kupaka: gramu 5 kwa gramu 95 za asetoni. Usimwage punje chini ya chupa, zitashikana bonge moja. Zifunge kwenye kitambaa cha shashi, zining'inize ndani ya asetoni usiku mmoja. Tumia chupa ya kioo, maana vyombo vingi vya plastiki vinayeyuka. Ya kubandikia vipande iwe nzito zaidi, ifike asilimia 40 hivi. Usipake kwenye mfupa wenye unyevu, itageuka nyeupe kama maziwa. Wala usipake juani: asetoni inaruka kabla gundi haijaingia ndani, unabaki na ngozi inayong'aa juu ya mfupa uleule dhaifu. Na gundi hii huanza kulainika kwenye nyuzi 40, kwa hiyo kisukuku kilichobandikwa hakiachwi kwenye gari lililoegeshwa Kisumu saa saba mchana.

Supaglu, hapana. Inashika sekunde tatu na ni vigumu kuitoa bila kuondoka na ngozi ya mfupa.

Lakini kwa kenge hasa, mimi nisingetia asidi kabisa kama pingili ni moja na jiwe limejaa tundu la ugwe. Hilo jiwe ndilo ushahidi wako wa tabaka. Sindano na darubini, kwa pembeni tu, upate kuona kikombe, nundu na sehemu ya ubavu. Inatosha.

---

kokoto_na_konokono

Na kabla ya sindano kuna sheria. Kenya ni Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006: kutafuta na kuchimba visukuku kunahitaji leseni, aliyekuta kitu anatakiwa kuyaarifu Makumbusho ya Taifa, na kukitoa nchini bila kibali ni kosa. Mtafiti anahitaji pia kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Tanzania ni Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na mlango ni Idara ya Mambo ya Kale.

Ukikuta kitu ukiwa matembezini tu, usikiokote. Piga picha ukiwa umeweka sarafu au rula kando, moja kwa juu, moja kwa pembeni, moja ya mteremko mzima ili ionekane kipande kimeshuka kutoka wapi. Chukua nukta ya GPS kwa desimali tano. Visukuku vya kisiwa kile vilivyosajiliwa vina namba inayoanza na KNM-RU, na namba isiyo na tabaka nyuma yake ni ya kujaza droo.

---

tabaka_la_tatu

Shukrani wakuu, nimepata zaidi ya nilichoomba. Mawili yamebaki. Pingili za mkia zina lolote la kusema? Naona ndizo nyingi. Na je, huyu wa Rusinga ndiye kenge mkongwe kuliko wote?

---

pingili_29

Si mkongwe kuliko wote. Pingili za kenge zimeelezwa kutoka Fayum, Misri, kutoka Eosini ya mwisho na Oligosini ya mwanzo (vipindi vya kale kuliko mawe ya Rusinga), na maelezo hayo ya mwaka 2010 yalitumika kutetea kuwa jenasi hii ilianzia Afrika. Wa Rusinga bado ana thamani yake kwa sababu ni spishi iliyopewa jina, mahali panapojulikana, kwenye mawe yaliyopimwa umri.

Mkia unasema kidogo, lakini haunyamazi. Mijusi wengi wanaokata mkia wana ufa wa asili katikati ya pingili ya mkia, mahali pa kukatikia. Kenge hana, mkia ukikatika hauoti tena. Kwa hiyo ukiona ufa huo laini wa mviringo katikati ya mwili wa pingili, mwondoe kenge. Usipouona, tazama chini, upande wa nyuma: kenge ana vijiguu viwili vidogo, kila kimoja na uso bapa, ambapo mfupa wa umbo la V ulijishikiza. Kwa kenge vijiguu hivyo vinakaa mbele kidogo ya nundu, si kwenye mpaka kati ya pingili mbili kama kwa mamba. Vikiwa vimevunjika, vitaacha makovu mawili yanayolingana. Tumia mwanga wa tochi kwa ubavu, kutoka upande mmoja, utayaona.